Bunduki ya upepo ina mahali pake katika vita vya kunguru, lakini si vichochoroni mwa Dar es Salaam

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya barua ya msomaji mwenzangu, aliyependekeza kwamba vijana wa mitaa ya Dar es Salaam wagawiwe bunduki za upepo na walipwe fedha kwa kila kichwa cha kunguru watakachokipeleka kwa mtendaji wa mtaa. Uchungu uliomsukuma kuandika naujua, kwa kuwa nami hufuga kuku wa kienyeji hapa Bagamoyo, na nimeshuhudia vifaranga wangu wakinyakuliwa mmoja mmoja mbele ya mama yao hadi kundi la kumi likabaki na wawili. Hata hivyo nimetumia bunduki ya upepo na kunguru wa bandia kwa miaka mingi, kwa kibali, kwanza nikiwa bwana shamba kazini na baadaye katika shamba langu mwenyewe la minazi. Kazi hiyo imenifundisha kwamba pendekezo lake, likitekelezwa kama alivyoliandika, litatuachia kunguru walewale kwa wingi uleule, wakiwa wajanja kuliko leo, na litaleta majeruhi ambao si ndege.

Kwanza tumtambue tunayemsema. Ni yule kunguru mdogo mwenye shingo ya kijivu, uzito wake ukiwa karibu gramu 300, ambaye wenzetu wa Mombasa humwita kurabu na wengi wetu humwita kunguru wa Kihindi. Alipelekwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, enzi ya Waingereza, kwa matumaini kwamba angesafisha taka za mji, na kufikia mwaka 1917 serikali ya huko ilikuwa tayari inatafuta njia za kumpunguza. Mombasa alionekana mwaka 1947, na leo sijui mji wa mwambao wetu ambao haujasikia kelele zake alfajiri. Kwao Bara Hindi kuna ndege aitwaye koeli ambaye hutaga katika kiota cha kunguru na kumwachia kazi ya kulea kinda lisilo lake, jambo linalompunguzia kunguru uzazi. Huku kwetu koeli hayupo, na kila jike la kunguru hutaga mayai matatu hadi matano, akayaatamia kwa raha juu ya mwembe au nguzo ya umeme. Chakula tunampa sisi wenyewe, kwenye majalala yasiyofunikwa, kwenye machinjio, na kwenye fukwe ambako utumbo wa samaki huachwa mchangani. Waliolipia wingi wake ni ndege wadogo, yaani chozi, shore, mnana na tetere, ambao mayai na makinda yao huliwa kabla hayajaota manyoya. Mtu wa umri wangu aliyekulia pwani anakumbuka asubuhi zilizojaa sauti nyingi za ndege, na anajua kwamba wajukuu wake wanaamshwa na sauti moja tu.

Sasa niseme juu ya bunduki. Bunduki ya upepo hairushi risasi kwa baruti, bali kwa hewa iliyobanwa na springi au iliyojazwa kwenye mtungi mdogo ulio chini ya mtutu. Risasi zake ni ndogo, nyingi zikiwa za kipenyo cha milimita 4.5 au 5.5, na ile ya 5.5, ambayo ndiyo nimeitumia, ina uzito wa gramu moja hivi. Kunguru ni ndege mgumu kuliko umbo lake linavyoonyesha, na risasi hiyo humuua papo hapo ikimpata kichwani au ikiingia sawasawa kifuani, tena kwa umbali usiozidi mita 30 kwa mpigaji wa kawaida. Zaidi ya hapo mtu anajeruhi tu. Ndege huondoka na risasi tumboni, akafie mahali pengine baada ya siku mbili za mateso. Sikubali kwamba ubaya wa kunguru unatupa ruhusa ya kumtesa, na mtu asiyeweza kuweka risasi tano mfululizo ndani ya duara la ukubwa wa shilingi, kwa umbali atakaopigia, hajawa tayari kumwelekezea kiumbe hai mtutu wake.

Tatizo la kwanza la pendekezo la msomaji mwenzangu ni akili ya ndege mwenyewe. Wahenga waliosema kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake walimsema kunguru wa kwetu mwenye kifua cheupe, lakini mgeni huyu anayo sifa hiyo maradufu. Nilipoanza kazi hii shambani, asubuhi ya kwanza niliangusha kunguru 11 kutoka kwenye maficho niliyoyajenga kwa makuti. Asubuhi iliyofuata, mahali palepale, nikapata 3. Ya tatu sikupata hata mmoja, ingawa walikuwa wamejaa juu ya mivinje mita 200 kutoka nilipokaa, wakipiga kelele kila nilipojitikisa. Baadaye nilijifunza kwamba haikuwa bahati mbaya. Huko Seattle, Marekani, mtafiti John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walivaa vinyago maalumu walipokuwa wakiwakamata kunguru wachache mwaka 2006, kisha wakawaachia. Kwa miaka mingi baada ya hapo kila aliyepita pale akiwa amevaa kinyago kile alizomewa na kunguru, wakiwemo ambao hawakuwahi kukamatwa. Wale ni kunguru wa aina nyingine, lakini nimeona kwa macho yangu kunguru wa Bagamoyo wakinyamaza na kutawanyika nilipotoka nyumbani na kofia yangu ya kazi, na wakiendelea kula bila wasiwasi nilipopita palepale nikiwa na kanzu.

Fikiri basi kitakachotokea pale ambapo vijana mia wataanza kupiga risasi ovyo chini ya kila mti wa Kariakoo na Magomeni. Katika wiki ya kwanza watapatikana kunguru wengi, hasa makinda yaliyotoka kiotani majuzi, ambayo sehemu kubwa yake yangekufa yenyewe kabla ya mwaka kwisha. Magazeti yatapiga picha ya rundo. Kisha wale wazima, ambao ndio wazazi wa kundi lijalo, watakuwa wamejifunza umbo la bunduki, mwendo wa mtu anayenyemelea na umbali ambao risasi haifiki, na watayafundisha makinda yao. Mji wenye maelfu kwa maelfu ya kunguru hauwezi kupunguziwa ndege kwa mkono mmoja mmoja kwa kasi inayozidi kasi ya kuzaliana kwao. Nchini Malaysia halmashauri za miji kama Klang zimekuwa zikiwaita wapigaji wenye leseni na bunduki kubwa kuliko hizi kupunguza kunguru haohao, na zinalazimika kurudia kazi hiyo tena na tena kwa sababu taka zinazowalisha bado zipo.

Hapa ndipo kunguru wa bandia anapoingia, na nitakaa kidogo juu ya jambo hili kwa sababu naona vijana wengi wanaliiga kutoka kwenye video za Uingereza bila kulielewa. Uingereza kunguru anayewindwa kwa njia hii ni mweusi mwili mzima, na huwindwa mashambani, kwenye majani mafupi au kando ya zizi la kondoo wakati wa kuzaa, mahali ambapo mtu anaweza kutazama pande zote asione nyumba. Hata huko ndege huyo si wa kila apendaye, kwa maana anayempiga hutakiwa kufuata masharti ya leseni ya jumla inayotolewa na mamlaka ya mazingira, na mwezi Aprili 2019 leseni za namna hiyo zilifutwa ghafla katika England baada ya wanaharakati kuzipinga kisheria, zikabidi ziandikwe upya. Scotland imekwenda mbali zaidi, kwa kuwa tangu mwisho wa mwaka 2016 mtu hawezi kumiliki bunduki ya upepo ya kawaida bila leseni ya polisi. Kwa hiyo anayesema kwamba wenzetu wa Ulaya wanapiga kunguru kama wapendavyo ameona video, hajaona sheria.

Ndege wa plastiki wanaouzwa kwa ajili ya kazi hiyo wametengenezwa kwa mfano wa kunguru wa kule, na kosa la kwanza la mtu wa pwani ni kuwatandaza kama walivyotoka dukani. Kunguru wetu wa Kihindi akiwaona wale weusi watupu wanaong'aa juani huzunguka mara moja juu yao na kuondoka. Mimi wangu 12 niliwasugua kwa msasa ili mng'ao utoke, nikawapaka rangi ya kijivu isiyong'aa kuanzia kisogoni hadi kifuani, na tofauti ilionekana siku ileile. Huwekwa chini kabla ya mapambazuko, kwenye njia ya angani ambayo kunguru hupita wakitoka malaloni kwenda kula, wengi wao wakielekezwa upande upepo unakotoka, kwa kuwa ndege hai hapendi upepo umfumue manyoya kutoka nyuma. Wawili huwekwa karibu karibu kando ya utumbo wa samaki au maganda ya mayai, kana kwamba wanagombea, wengine hutawanywa, mmoja huinuliwa juu ya mti mfupi kama mlinzi, kwa sababu kunguru wanaokula bila mlinzi huwatia shaka wanaopita. Mpigaji hukaa ndani ya maficho umbali uliopimwa kwa hatua, akiwa amefunika uso na mikono, na haondoki hadi kazi ya asubuhi hiyo iishe. Kunguru aliyeanguka kifudifudi huachwa alale, naye huwa chambo kingine, lakini aliyeanguka chali huku mabawa yake yamefunguka huwafukuza wenzake, ambao hukusanyika juu yake wakilia kama watu waliofikiwa na msiba, na baada ya kilio hicho mahali hapo panakuwa pameharibika kwa wiki kadhaa.

Wapo wanaotumia bundi wa bandia badala ya kunguru, kwa kuwa kunguru humchukia bundi na kumshambulia anapomwona mchana. Nimejaribu, na ni kweli kwamba kunguru huja kwa wingi na kwa hasira, wakisahau tahadhari yao. Lakini huja kwa kasi, wakipiga mbizi na kupanda tena, na bunduki ya upepo inahitaji ndege aliyetulia. Kuna pia jambo la ujirani. Bundi kwetu ni ndege wa uchuro, na nilipomweka juu ya mti unaopakana na uwanja wa jirani yangu, mama mzee wa nyumba ile alikuja kuniomba kwa upole nimwondoe. Nilimwondoa siku hiyohiyo, kwa kuwa kazi inayowatia majirani hofu haidumu.

Yote hayo ni ufundi tu. Jambo ninalotaka wasomaji walishike kuhusu kunguru wa bandia ni kwamba thamani yake kubwa haimo katika kumdanganya ndege, bali imo katika kumshusha chini. Kunguru aliye juu ya mwembe hupigwa kwa mtutu ulioinuliwa, na risasi iliyomkosa, au iliyompita, huendelea na safari yake juu ya mapaa ya watu na kuangukia mahali ambapo mpigaji hapaoni. Kunguru aliyetua kando ya chambo hupigwa na mtu aliye juu kidogo, kwa mfano kwenye dungu kama lile la kulindia mpunga, mtutu ukielekea chini, na risasi iliyokosa inaingia udongoni mita chache nyuma ya ndege. Shambani kwangu sikuwahi kupiga risasi hata moja kuelekea angani. Sharti hilo moja linatosha kuifuta kazi hii katika sehemu kubwa ya Dar es Salaam, jiji lililohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya mwaka 2022, kwa sababu hakuna uwanja humo ambao unaweza kutandaza chambo chini, ukawa na ardhi tupu mbele, na usiwe na mtoto atakayekatiza akifuata mpira.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Miaka michache iliyopita hoteli moja ya ufukweni, si mbali na ninapoishi, ilimwajiri kijana mwenye bunduki ya upepo awafukuze kunguru waliokuwa wakinyakua chakula mezani kwa wageni. Hakuwa na kunguru wa bandia wala maficho. Alitembea bustanini akiwapiga juu ya mikungu na minazi. Siku ya nne risasi yake ilitoboa tangi la maji la nyumba ya nyuma, na ilipofuatiliwa ikaonekana kwamba imepita kiasi cha hatua mbili juu ya kichwa cha binti aliyekuwa anaanika nguo. Kijana aliachishwa kazi, tangi likalipwa, na baada ya wiki mbili kunguru walikuwa mezani kama kawaida. Mimi nilikwenda kulitazama tangi lile kwa sababu nilitaka kuiona tundu, na tangu siku hiyo sijaweza kuzungumza juu ya silaha hii kana kwamba ni mchezo wa watoto. Hata yule anayedhani kwamba kwa kuwa haina baruti si silaha, na aende kwanza kituo cha polisi na kwa maofisa wa wanyamapori kuomba kibali kabla ya kuinunua, si baada ya kuulizwa.

Jambo la pili ni malipo kwa kichwa. Kunguru wa asili wa Afrika, yule mkubwa mwenye kifua na mgongo wa juu mweupe, ni ndege wetu, alikuwepo kabla ya mgeni huyu na katika miji mingi ya pwani tayari amesukumwa pembeni naye. Kichwa chake kikikatwa ni cheusi kama cha mwenzake. Kijana anayelipwa kwa vichwa hana sababu ya kuangalia kifua, na mtendaji wa mtaa anayepokea mfuko hana namna ya kujua ni kichwa cha nani. Tutakuwa tunawalipa watu kummaliza kunguru ambaye tulipaswa kumlinda. Aidha, ndege aliyepigwa kwa risasi iliyotengenezwa kwa madini ya risasi akitupwa jalalani huliwa na mwewe, mbwa na paka, na madini hayo ni sumu mwilini mwao. Zipo risasi za bati, ghali zaidi, na mizoga yote inatakiwa kuzikwa, lakini ni nani atakayezika mizoga isiyo na vichwa ambavyo vimekwisha kulipiwa?

Pamoja na hayo sikuandika ili kuilaani bunduki ya upepo. Inayo kazi yake, na kazi hiyo imethibitishwa mahali pengine. Katika kisiwa cha Socotra, Yemen, kunguru wa Kihindi aliingia katikati ya miaka ya 1990, inavyosadikiwa kwa meli, na wenyeji hawakungoja awe maelfu. Kwa miaka kadhaa makinda yake yalitolewa viotani kila msimu, vijana wa huko wakipewa malipo kidogo kwa kazi hiyo, hata kundi likakosa warithi; na waliobaki, ambao walikuwa wazima wachache wajanja wasioingia mtegoni, walipigwa risasi mwaka 2009, kisiwa kikawa hakina kunguru. Huko Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi, ndege wawili waliofika mwaka 1994 walizaliana hadi wakafikia makumi, na serikali ya jimbo ikawaondoa kwa kuwapiga. Shelisheli nao walimmaliza kwa kumuwahi. Katika mifano hiyo yote wapigaji walikuwa wachache, waliofunzwa, na walimkuta kunguru akiwa bado anahesabika.

Msomaji mwenzangu ataona kwamba Socotra pia walilipa vijana, na ni kweli. Tofauti ni kwamba walilipia makinda yaliyo kiotani, ambayo hayana pa kukimbilia, ambayo aina yake inatambulikana kwa wazazi wanaolia juu ya mti, na ambayo hayahitaji silaha.

Kwa mji uliokwisha kujaa, njia zilizowahi kupunguza kunguru kwa kiasi cha kuonekana ni mitego mikubwa ya waya, inayowaingiza ndege kwa juu wasiweze kutoka, na sumu iitwayo DRC-1339, iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya ndege waharibifu. Sumu hiyo haimwui kunguru pale alipokula. Humuua taratibu, saa kadhaa hadi siku moja au zaidi baada ya kula, mara nyingi akiwa amekwisha kurudi malaloni, na kwa hiyo wenzake hawaunganishi chambo na kifo. Ndiyo sababu imefaulu mahali ambapo bunduki imeshindwa, na ndiyo sababu pia ni lazima ishikwe na wataalamu peke yao. Zanzibar ilitumia mitego na sumu katika miaka ya 1990 na idadi ikashuka sana. Dar es Salaam, chini ya mradi ulioendeshwa na shirika la uhifadhi la WCST, kunguru waliuawa kwa mamia ya maelfu katika miaka iliyofuata mwaka 2010. Kenya, mwezi Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la KWS lilitangaza nia ya kuondoa kunguru milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha. Lakini Zanzibar na Dar es Salaam zote mbili zimeonyesha kwamba kazi ikisimama kunguru hurejea, kwa sababu wale wachache waliobaki hukuta jalala limejaa kama walivyoliacha.

Wale wachache waliobaki ndio ninaowaombea bunduki ya upepo. Baada ya mitego na sumu kupita, hubaki ndege ambao wamejifunza kila kitu tulichowafanyia, na hao ndio wazazi wa kunguru wa miaka mitano ijayo. Mpigaji aliyetulia, mwenye kunguru wa bandia waliopakwa rangi sawasawa, akibadilisha mahali kila asubuhi na kupumzisha eneo kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi, anaweza kuwatoa mmoja mmoja kwa kelele ndogo isiyofikia mtaa wa pili. Na kazi hiyohiyo inahitajika kule mbele kunguru anakoelekea. Anafuata barabara kuu na reli kuingia bara; amekwisha kufika Morogoro kwa upande wetu na Voi kwa upande wa Kenya, na kila kituo cha malori chenye vibanda vya nyama choma na taka nyuma yake ni ngazi nyingine kwake. Mji ambao leo una kunguru 20 unaweza kusafishwa na watu wawili katika msimu mmoja. Mji huohuo baada ya miaka kumi utahitaji mradi, wafadhili na sumu.

Naomba basi, kupitia gazeti lako, kwamba Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori na halmashauri za miji ya bara ambako ndege huyu ndiyo kwanza anaonekana ziteue watu wachache, ziwape kibali, ziwafunze kumtofautisha na kunguru wetu mwenye kifua cheupe, na ziwaelekeze wapige kwenye chambo kilichotandazwa chini peke yake, nje ya makazi, risasi ikielekea udongoni, na mizoga izikwe. Wananchi watakaowaona waombwe kutoa taarifa mapema, hata kama ni ndege wawili tu juu ya paa la stendi, na wapewe namba ya simu itakayopokewa. Halmashauri za mwambao nazo ziziache bunduki kabatini hadi mitego itakapofanya kazi yake, na fedha ambazo msomaji mwenzangu alitaka zilipiwe vichwa zitumike kufunika majalala, kuzoa utumbo wa samaki ufukweni kila jioni, na kuwalipa wapandaji wa minazi watoe viota wakati wa kutaga.

Kwa upande wangu, kunguru wangu 12 wa bandia wapo stoo, wakiwa bado na rangi yao ya kijivu. Halmashauri yoyote itakayoanza kazi hiyo kwa kufuata utaratibu niliouomba inaweza kuwachukua bila malipo, na niko tayari kusafiri nao ili niwaonyeshe wapigaji wake namna ya kuwatandaza.

Wako mtiifu,
Bwana shamba mstaafu,
Bagamoyo